Godoro la Mama Mkwe Ndani ya Boti

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kaondoka asubuhi kwenda semina. Atarudi Jumapili. Nyumba yote mikononi mwangu!

Boti nayo iko tayari. Nimeipaka rangi, nimeziba matundu, nimening'iniza pazia kabinini. Wateja wa kwanza wanakuja Jumamosi: bwana na bibi harusi, wabichi kabisa. Kimekosekana kitu kimoja tu. Godoro. Kitanda cha kabini kimejengwa kufuata ubavu wa boti: upande mmoja umenyooka, mwingine umepinda, na miguuni kinabana. Godoro la dukani haliingii hata ulipigie magoti.

Shemeji, kaka yake mke wangu, ana boti jirani na yangu gatini. Yake ina godoro lililoshonwa kwa kipimo. Leo kanipungia mkono akiwa amelilalia. Makusudi!

Nimefikiri. Chumba cha uani kuna godoro la marehemu mama mkwe. Sponji nene, la maua mekundu. Tumemzika miezi mitatu iliyopita na bado lina bonde pale alipokuwa akilalia ubavu wa kushoto, magoti kayakunja. Mke wangu hujilaza humo kidogo kila jioni kabla ya kupika. Anajilaza tu, kisha anaamka na kuwasha jiko.

Bonde ni bonde. Hata kwenye godoro letu naweza kumchimbia jingine.

Mama mkwe hakunipenda. Aliniita Bwana Mipango. Na nikidanganya, hata kidogo, alikuwa anakohoa. Mara moja, kavu, bila kuinua macho. Miaka yote hiyo hakuwahi kukosea.

Mke wangu kapiga simu kuuliza nafanya nini. Nikamwambia napiga deki chumba cha mama. Mtu akakohoa huko uani. Jirani, bila shaka.

Jumanne, 4 Machi

Nimelipeleka godoro kwa fundi makochi. Fundi huyu ana desturi yake: hakati godoro kabla hajalilalia. Anasema lazima ajue mwili ulikuwa unakaa wapi. Kavua viatu, kajilaza, kafumba macho.

Akainuka upesi. Akaniuliza hili ni la nani. Nikamjibu ni jipya, limechakaa kwa kubebwa.

Kikohozi. Nyuma yetu kulikuwa na ukuta tu.

Fundi akavaa viatu, akaniambia godoro hili lina mwenyewe, na mwenyewe hajaamka. Kisha akakumbuka ana chai mahali. Kaniachia duka wazi, na fundi yule kwa kawaida hufunga mpaka droo ya sindano!

Sawa. Nitakata mwenyewe. Kisu cha mkate kipo.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kazi! Nimetandaza magazeti juu ya kitanda cha boti, nikayagundisha, nikachora ukingo wote. Kiolezo safi. Nyumbani nikakiweka juu ya godoro. Lakini kalamu haionekani kwenye maua mekundu. Nikaligeuza godoro, nikachora upande wa chini, ulio mweupe. Akili ni mali.

Nimekata. Sponji inalia ikikatwa, sikujua. Sauti nyembamba, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Nikaimba kwa sauti ili nisiisikie.

Nikalibeba hadi botini, maua juu. Haliingii! Mpindo umekwenda upande usio wake. Nikakaa juu ya ndoo nikatafakari mpaka nikaelewa: nimechorea mgongoni, kwa hiyo linaingia kifudifudi tu.

Basi nikaligeuza. Likaingia kama kidole kwenye pete. Ni kweli maua yako chini na bonde la mama mkwe limeinamia mbao. Lakini juu ni tambarare, jeupe, safi. Nani atajua?

Vipande vilivyobaki nimevipanga kitandani kule chumbani, nikajazia na suruali zangu za zamani, nikatandika shuka. Ukisimama mlangoni unaapa ni godoro zima.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefika botini asubuhi. Bonde liko juu.

Nimelipapasa. La kushoto, magoti yamekunjwa. Nikaliinua godoro nikatazama chini: maua yamelala sawa, hakuna hata mkunjo. Nikasema ni joto. Sponji hutanuka kwa joto, kila mtu anajua. Nikajaza madumu mawili ya maji, nikayapanga pande zote mbili za bonde ili palingane. Nikaenda kununua pazia la pili.

Kurudi, madumu yako sakafuni. Yamesimama wima, vifuniko vimekazwa, yamepangwa mlangoni kama viatu vya mgeni. Nikaweka mkono bondeni. Pana uvuguvugu.

Nimeogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nimeogopa mpaka nikasema shikamoo.

Halafu nikatandika shuka nene juu yake. Kazi iendelee.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kaja kucheka. Kapitisha kichwa kabinini, kasifia pazia kwa sauti ile ya kuudhi, kauliza godoro nimelitoa wapi. Nikamwambia nimeagiza.

Kikohozi. Chini ya shuka.

Shemeji akaacha kucheka. Akaingia taratibu, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja pale kwenye bonde. Akakaa hivyo muda mrefu, mwanamume mzima na kofia mkononi. Kisha akaniuliza kwa upole kama dada yake anajua. Nikasema anajua.

Kikohozi kile kingetosha watu watatu.

Katoka bila kuaga. Nimemwona gatini ameshika simu, anafuta macho kwa mkono wa shati. Nadhani ni wivu. Godoro langu limemshinda.

Jumamosi, 8 Machi

Maharusi wamefika mchana, wamependeza, wanacheka ovyo. Nimewaonyesha usukani. Nimewaonyesha mapazia yote mawili. Bibi harusi akaingia kabinini kujaribu kitanda, sisi wanaume tukabaki nje tukisifu hali ya hewa.

Akatoka na mkoba wake begani. Akamwambia mumewe kwamba bibi aliyemo ndani anauliza kama yeye, mume, huosha sahani anayolia chakula. Bwana harusi akauliza bibi gani. Akaambiwa ajibu kwanza. Akajibu kuwa huosha, kila siku.

Sote tumekisikia kikohozi.

Wameondoka, mke mbele, mume nyuma akijieleza. Nikabaki nimeshika funguo. Nikageuka, na mke wangu huyo hapo, amesimama gatini na begi la safari. Karudi siku moja kabla! Shemeji amempigia.

Alikuwa ameshapita nyumbani. Alikuwa ameshajilaza juu ya suruali zangu.

Nilijiandaa kwa makelele. Hakupiga. Alinipita, akainama kabinini, akavuta shuka. Akajilaza bondeni, ubavu wa kushoto, magoti akayakunja. Limemkaa sawasawa. Nami nimesimama mlangoni. Kisha nikaona magoti yake yanajikunja zaidi, na zaidi, kwa sababu pale miguuni nilipopunguza hapakubaki nafasi.

Akaniambia, bila hasira, kwamba nimemkata mama yake miguu.

Nililia. Kweli nililia. Nikamwambia nisamehe mke wangu, haya yote niliyafanya kwa ajili yako.

Kikohozi.

Mke wangu akaanza kucheka. Kacheka mpaka machozi, mpaka kucheka kukawa kulia na kulia kukawa kucheka tena, huku anapigapiga godoro na kusema mama, mama jamani. Sijamsikia akicheka tangu msiba. Kisha akalala usingizi mzito, mkono chini ya shavu. Nikafunga mlango polepole.

Jumapili, 9 Machi

Hukumu imetoka. Mke wangu anahamia botini mpaka atakaposhiba mama yake. Boti haikodishwi. Shemeji kamletea supu, na wao watatu, nikihesabu vizuri, wanapiga soga tangu asubuhi. Nimewasikia kutoka gatini. Sikukaribishwa.

Mimi nalala chumba cha uani, juu ya vipande na suruali. Ni haki. Nimekosa na nimekubali.

Ila nimewaza. Bibi anayejua uongo papo hapo! Wazazi wangapi wanatafuta mkwe wa kweli? Wenye maduka wangapi wana karani wasiyemwamini? Mchumba aingie kabinini, aulizwe, dirisha libaki wazi, sisi tusikilize nje. Mke wangu akienda sokoni Jumatano, boti ni yangu asubuhi nzima. Hatajua.

Hapana. Nimejifunza. Safari hii nitamwambia mke wangu kila kitu kwanza.

Kikohozi.

Si botini. Hapa. Chini yangu, kwenye vipande, upande wa miguuni.

Vumbi la sponji tu hilo. Siogopi hata kidogo.

Amekohoa tena.