Bwana Nafuu na Chupa ya Maji

Uvumi ulianzia kwenye benchi la nje ya chumba cha kusafisha damu, ukamwingia mama mmoja sikioni, ukagoma kutoka. Eti kuna bima mpya. Haiulizi unaumwa nini, haina miezi ya kungoja, na bei yake ni nusu ya ile ya zamani. Akiosha vyombo, bima. Akilala, bima. Binti yake figo zimekufa zote mbili, na bima ya zamani, ile inayolipia mashine, ilikuwa imemnyonya mpaka akaanza kuitazama cherehani yake kwa jicho la kuiuza.

Mwenye bima mpya alijiita Bwana Nafuu. Siku alipochungulia benchi lile na kuziona nyuso za watu waliochoka kulipa, mate yalimjaa kama fisi aliyeona kidonda. Shati limepigwa pasi, kiatu kinang'aa, ulimi umepakwa mafuta. Uso wa huruma Mungu alimpa bure, yeye akaukodisha kwa shetani.

"Mama yangu," alisema, akaketi bila kukaribishwa, "mimi ni mgonjwa mwenzenu. Figo zangu zilikufa zamani. Bila bima hii ningeshazikwa."

"Pole, baba."

"Nimeshapoa. Sasa ile ya zamani iache leo leo, maana kadi mbili zinagombana kwenye kompyuta. Nimesikia una cherehani; nitaipokea kama malipo ya mwanzo. Nimebakiza nafasi moja tu."

"Si ndiyo uliyoniuzia mimi jana?" aliuliza fundi viatu, mgonjwa aliyekaa pembeni.

"Ile ilikuwa ya jana, kaka. Hii ya leo."

Na watu wazima, wenye akili zao, wakatikisa vichwa kukubali! Ndivyo tulivyo tukichoka: mwizi anakuja, sisi tunamfungulia mlango na kumpokea viatu.

Mama naye alikuwa ameshafungua mdomo kukubali. Ndipo Bwana Nafuu, koo limemkauka kwa uongo, akatoa chupa kubwa ya maji, akaigida mpaka tone la mwisho, akacheua.

Benchi zima likamgeukia. Maji! Binti wa mama hupimiwa kwa kikombe cha chai, na yakizidi anavimba mpaka macho yanafumba. Pale watu huota maji kama wengine wanavyoota utajiri.

"Baba," mama aliuliza taratibu, "wewe husafishwa siku gani?"

"Aa, nikijisikia."

Nikijisikia! Mama akaingia ndani, akamnong'oneza muuguzi mkuu, mwanamke wa mkono mzito na uso usiocheka. Muuguzi akatoka na sindano mbili nene kama misumari.

"Yuko wapi aliyekunywa chupa nzima? Atatufia hapa! Mlazeni kitanda cha dirishani, bima yake inalipa."

Fundi viatu na wenzake wakamshika mikono kwa upendo mkubwa. "Usiogope, mgonjwa mwenzetu. Utazoea."

"Niacheni! Mimi mzima! Sijawahi kuumwa hata mafua!"

"Na bima?"

"Hakuna bima! Nilibuni mwenyewe! Mama yangu, nitetee!"

"Mama yako yuko kwenu," alijibu mama.

Wakampeleka polisi kwa miguu, polepole, mwendo wa wagonjwa. Yeye ndiye aliyekuwa akiwahimiza waharakishe, maana muuguzi alifuata nyuma na sindano zake. Mama alibaki. Akaisukuma kadi ya zamani kifuani, akiilaani bei yake, akaingia kumshika binti yake mkono mashine ilipowashwa.

Kwa hiyo, epuka haya:

Kuacha bima ya zamani kabla hospitali unayotibiwa haijakwambia kwamba inaipokea hiyo mpya.

Kuficha ugonjwa ili upunguziwe bei. Siku ya kulazwa ndiyo utaumbuka.

Kununua bila kuuliza utangoja muda gani, na kama mashine na dawa zako zimo.

Kumlipa mtu wa kwenye benchi. Nenda ofisini kwao, ukaone mlango.

Nafasi moja iliyobaki.

Mgonjwa wa figo anayemaliza chupa.