Malalamiko Kuhusu Kamba ya Brigedia

Kwa Mwalimu wa Mbwa,
Uwanja wa nyuma ya maktaba.

Ndugu Mwalimu mheshimiwa,

Salamu nyingi, na baada ya salamu, vita.

Mimi ninayekuandikia nimefuga mbwa kumi na mmoja maishani mwangu, na wote walinitii kwa jicho tu. Binti yangu amepita nyuma ya kiti changu akausoma mstari huo, kwa hiyo naurekebisha: nimefuga mbwa mmoja, huyu Brigedia unayemjua, na bado tunasubiri anitii.

Nakuandikia kuhusu darasa lako la Jumamosi la kuwafundisha mbwa kutulia wakikutana na wenzao. Juzi ulituambia mimi na Brigedia kwamba tukifanya fujo tena wiki hii, hutatupokea. Kwako ni nafasi moja imepungua. Kwangu mimi, binti yangu, ambaye nyumba ni yake na mimi ni mpangaji wa bure, ameshasema waziwazi: "Baba, mbwa akifukuzwa darasani, anahamia shambani kwa wifi." Kwa hiyo usione barua ndefu ukadhani sina kazi. Kazi sina, lakini si ndiyo sababu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Umetuweka hatua ishirini kutoka kwa mbwa wengine, karibu na pipa la taka, eti Brigedia awaone wenzake kwa mbali bila kupandisha hasira. Wenye mbwa wengine wanapiga soga, wanaulizana habari za wajukuu. Mimi nazungumza na pipa. Naomba kujua, kati yangu na mbwa, ni nani aliyewekewa umbali huo.

2. Maini. Kila mara Brigedia akimtazama mbwa mwingine akanyamaza, anapewa kipande cha maini ya kuchemsha. Sawa. Lakini sasa amekuwa mjanja: nyumbani anatazama kiti, ananyamaza, halafu ananigeukia kudai haki yake. Anatazama ndoo, ananyamaza, anageuka. Mimi nimenyamazia mambo mengi katika nyumba hii kwa miaka sita, na sijaletewa hata kipande cha figo.

3. Hili ndilo zito. Unanionea kuhusu kamba. Kila mara ni "Mzee, legeza kamba. Mzee, mkono. Mzee, pumua." Unasema mbwa anausoma mkono wa mwenye mbwa: mkono ukikaza, yeye anajua adui amefika. Mwalimu, mimi nilikuwa seremala miaka thelathini na nane. Mkono wangu umekaza tangu ujana, ndiyo kazi yenyewe. Usiufanye ushahidi.

Tena kamba haikazi kwa kila mbwa. Akija yule wa muuza mkate, imelegea. Akija yule wa muuguzi, mwenye kichwa kama birika, imelegea. Inakaza kwa Karani tu, kile kijibwa cheupe cha shemeji yangu, ambacho hakijawahi kubweka hata mara moja, jambo linaloonyesha kwamba kina njama.

4. Kwa kuwa shemeji ameingia katika barua hii mwenyewe, bila kubisha hodi, lazima nikueleze. Ni kaka wa marehemu mke wangu. Mwaka juzi, kwenye harusi ya mpwa wake, nilitoa meza niliyoitengeneza kwa mikono yangu iwekewe keki. Shemeji akaja, akaibonyeza kwa kidole kimoja, akacheka, akakunja kadi ya mwaliko na kuisokomeza chini ya mguu wa meza mbele ya wageni wote. "Sasa imepona," akasema. Sakafu ndiyo iliyokuwa mbovu. Tangu siku hiyo hatujasalimiana. Mtu wa namna hiyo anafuga mbwa wa namna gani? Jibu mwenyewe.

5. La tano nimelisahau, lakini lilikuwa na nguvu kuliko yote, naomba ulihesabu.

6. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, Karani aondolewe darasani. Kama haiwezekani, afunikwe shuka. Kama shuka ni moja tu, afunikwe shemeji. Ikishindikana kabisa, darasa zima lihamie siku nyingine, wabaki wawili hao peke yao wafundishane utulivu, maana wanao mwingi kupita kiasi.

Naweka kalamu chini nikiwa mwanafunzi wako mtiifu, yule wa kwenye pipa. Nisalimie mama yako, muuguzi, muuza mkate, na mbwa wote kwa vyeo vyao, isipokuwa mmoja.

Wako,
Fundi Randa (mstaafu)

N.B. Barua ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha. Leo asubuhi goti limenikatalia, binti yangu akamtoa Brigedia yeye. Mimi nilikuwa dirishani. Hapo chini, mbele ya duka la mkate, akatokea shemeji na Karani wake. Binti yangu hakuvuta kitu. Alisema, "Shikamoo mjomba," huku kamba inaburutika chini kama mkanda wa gauni. Mbwa wakanusana, wakakaa. Brigedia akapiga miayo. Na shemeji akauliza, nimemsikia kwa masikio yangu mwenyewe: "Baba yako yuko wapi leo? Haumwi?"

Basi futa namba moja mpaka sita. Mbwa hana ugomvi na mtu.

Lakini unaukumbuka mlango wa stoo yako uliokuwa unagoma kufungika, nikaupiga randa, ukasema, "Mzee, una wema wako kwangu, siku ukiutaka useme"? Nautaka Jumamosi hii. Brigedia atashikwa na binti yangu. Mimi nisimamishe hatua ishirini kutoka kwa shemeji, kisha kila wiki upunguze mbili, wala usiniharakishe. Na yeye ukitaka kumpa kitu cha kumtuliza, yasiwe maini, hayali. Mpe karanga, zisizo na chumvi. Ana presha.