Makopo Sita ya Dhania

Jumatatu, 2 Machi 1987. Mwingi.

Siku ya kumi na saba. Makopo sita, udongo mzuri, mbolea ya mbuzi. Dhania hakuna. Hata jani moja! Nimeyainamia asubuhi yote mpaka kiuno kikakataa kunyooka.

Nina muda. Kufikia saa moja asubuhi nyumba hii ni tupu. Mwanangu Musembi hukimbilia kibanda chake cha kutengeneza redio. Mkewe, Muthoki, huenda shuleni anakofundisha, na wajukuu wangu, Kasyoka na Kisilu, humfuata mbio na mandazi mkononi. Jioni hurudi mmoja mmoja. Kila mtu anapakua, anakula amesimama, anapotea. Nimekuwa hapa tangu Novemba, tulipomzika mke wangu Kaluki kule Kyuso. Hatujaketi mezani sote watano hata mara moja.

Na mimi nilikuwa mpishi wa shule ya bweni miaka ishirini na sita! Wavulana mia nne walikuwa wakikaa nikigonga kengele. Hapa nimeshindwa na watu wanne.

Tatizo nalijua. Ni harufu. Jirani yetu Mwanahamisi, mjane mwenye asili ya Lamu, amepanda dhania, mnanaa na mrehani kando ya ukuta wake. Akianza kupika tu, wajukuu wangu wanaruka ua. Nikiwa na dhania yangu, nitawarudisha.

Jumanne, 3 Machi.

Aibu. Mwanahamisi alichungulia akaniuliza ninazika nini kwenye makopo. Nikasema ni dhania ya aina ya pekee, haina haraka. Akaomba kuona mbegu. Akanusa, akatafuna moja, akajifunika mdomo kwa leso. Alikuwa anacheka! Kisha akanieleza kwa upole kwamba mbegu hizi zimekaangwa, ni za kusaga na kutia mchuzini, na haziwezi kuota hata zikiombewa.

Nikamwambia najua. Nilikuwa napima udongo.

Akasema atanipa miche. Nimekataa. Nichukue miche kwa mpinzani wangu? Sina wazimu.

Alhamisi, 5 Machi.

Mpango mpya. Nimenunua sokoni mafungu sita ya dhania yenye mizizi, nikayachomeka kwenye makopo. Bustani ya dakika kumi! Muthoki akirudi atashangaa.

Jua la Mwingi halina urafiki. Saa sita mchana mafungu yote yalikuwa yamelala chali. Nikayamwagia mtungi mzima wa maji. Yakaendelea kulala.

Muthoki alirudi, akatazama makopo, akatazama mtungi mtupu. Maji hayo yaliletwa na punda jana na yalipaswa kututosha mpaka Jumamosi. Kwetu mkaza mwana hamgombezi baba mkwe. Alichukua mtungi, akatoka. Afadhali angenigombeza. Watoto hugombezwa kila siku, na baadaye hukumbatiwa.

Jioni Musembi, akila amesimama, aliniuliza kama sijaanza kukumbuka shamba la Kyuso, maana mvua inakaribia. Nimeelewa. Wanataka kunirudisha kwenye ile nyumba yenye kiti kimoja kisicho na mtu.

Lazima nifanye kitu kabla ya mvua.

Ijumaa, 6 Machi.

Nimepata! Nilikwenda kibandani kwa Musembi, nikamnong'oneza kwamba mkewe ana jambo zito, na atalisema Jumapili mezani, mbele ya wote. Asimuulize kabla. Halafu nikamngoja Muthoki langoni, nikamwambia hayo hayo kuhusu mumewe. Wote wawili walibadilika uso. Wote wameahidi kuja. Watoto nimewaahidi soda.

Kumbe ni rahisi hivi! Miezi minne nimehangaika na jiko bure.

Jumamosi, 7 Machi.

Nimechinja kuku, nimepepeta ndengu. Musembi alifunga kibanda saa kumi, jambo ambalo sijawahi kuliona, akamletea mkewe kilo mbili za sukari. Muthoki alipiga pasi mashati yote ya mumewe bila kuombwa. Hakuna aliyekula. Vizuri. Njaa yao naitaka kesho.

Jumapili, 8 Machi.

Niandike kabla sijasahau mambo yalivyokuwa.

Dhania nililazimika kuiiba kwa Mwanahamisi, kupitia tundu la ua. Nilipoingiza mkono nilimkuta upande wa pili. Akanipa kisu.

Saa saba kamili tulikuwa mezani. Sote watano! Chapati ishirini na nne, kuku, ndengu, dhania juu. Niliomba kwa muda mrefu, kwa furaha. Baada ya amina hakuna aliyegusa chakula. Musembi anamtazama Muthoki, Muthoki anamtazama Musembi. Nikasema chapati zinapoa.

Muthoki akaanza kulia.

"Sema tu," akamwambia mumewe. "Huyo mwanamke ni nani?"

Musembi akaangusha kijiko. "Mwanamke gani? Si wewe ndiye uliyeambiwa kitu hospitali?"

Kisha wote wawili wakanigeukia. Watoto nao wakanigeukia. Nikampa Kasyoka paja la kuku.

Nilidhani kutakuwa na vita. Musembi akaanza kucheka. Muthoki naye, machozi bado yanatiririka. Musembi akasema siku mbili hajalala, akiwaza angewaleaje watoto peke yake. Akamshika mkono, mbele yangu! Wakasema wanatoka kidogo, wana mengi ya kuongea, hawajaongea tangu Krismasi. Watoto wakabeba chapati na soda, wakaruka ua.

Saa saba na robo. Sahani tano, nne safi. Nikala. Dhania ilikuwa na harufu nzuri sana, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Mwanahamisi akaita kutoka upande wa pili. "Mzee Mwangangi, njoo ule na sisi, wajukuu wako hapa!" Nikamjibu chakula ninacho tele. Akasema hata yeye anacho tele. Watoto wake walihamia Mombasa zamani, lakini mkono wake haujui kupima wali wa mtu mmoja. Bado anapikia wanane.

Ujanja wake nimeutambua. Anatafuta siri ya ndengu zangu. Nilifunga mlango.

Jumatatu, 9 Machi.

Leo Muthoki alichelewa kwenda shuleni kwa makusudi. Aliketi kwenye kigoda, mbali kidogo kwa heshima, akazungumza akitazama sakafu. Akasema Musembi aliniuliza habari za Kyuso kwa sababu likizo ya Aprili wanataka twende sote, tukasafishe kaburi la mama. Hakuna anayenifukuza. Na akasema, "Baba, ukiwa mpweke tuambie tu. Tutakaa."

Mpweke! Mimi!

Nimelifikiria jambo hili asubuhi nzima, na nimeona kosa lilipokuwa. Habari nzito niliwapa watu wanaoweza kutoka kwenda matembezi. Lazima iwe ya mtu aliye kitandani, na wote wakae kando yake na sahani zao.

Jumapili ijayo nitaugua. Nimeanza kukohoa leo saa nne, ingawa hakuna mtu nyumbani wa kusikia.