Ukurasa wa Mwaka wa Kwanza

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimetunga mtaala wa kompyuta wa vyuo vitatu. Peke yangu!

Haya, uongo. Nimeutoa nakala. Mimi ni mzee wa mashine ya nakala hapa chuo cha mjini; shule niliiacha darasa la nne, kabla haijaniacha yenyewe. Ila karatasi zote hupita mkononi mwangu, moto kama mkate.

Mjukuu wangu anasomea kompyuta chuo kidogo, mwendo wa siku nzima. Anataka kuhamia hapa, tukae nyumba moja. Wamemwambia arudie mwaka wa kwanza: eti kwao huandika programu kwa penseli muhula mzima, na hapa wanagusa kompyuta siku ya kwanza. Mwaka mzima wa mtoto wa watu! Alhamisi kamati ya vyuo vitatu inalinganisha masomo.

Jumanne, 5 Machi
Nimechunguza. Maprofesa hawasomi. Kila mmoja anadhani mwenzake kasoma. Nikatoa ukurasa wa mwaka wa kwanza wa chuo kidogo, nikaupachika kwenye mitaala yote mitatu; masomo yakifanana, hakuna wa kurudia mwaka. Kazi safi.

Nikalaza shavu juu ya mashine. Joto tamu! Nikaota vyuo ni nyumba moja ndefu, milango haina mbao, mjukuu anapita chumba hadi chumba na penseli yake, hakuna anayemuuliza katoka wapi.

Karani, Bi Mhuri, akaniamsha. Eti nalalia mali ya chuo. Nikamwambia naipasha joto. (Daftari hili analisoma kwa siri. Alama ya kidole chake cha wino ipo ukurasa wa tatu.)

Alhamisi, 7 Machi
Kurasa tatu ubavu kwa ubavu kwenye meza ya kamati. Neno kwa neno! Profesa wetu akakodoa macho, akafungua mdomo, akaufunga. Angesemaje? Kwamba hajui anachofundisha? Mwenyekiti akapiga meza: ndugu zangu, kumbe tumegombana miaka mitatu bure! Wakasaini kabla chai haijapoa.

Bi Mhuri akaninong'oneza, Babu, wewe una jambo. Nikasema ni gesi tumboni. Akanipokonya ufunguo, eti mashine ipumzike.

Ijumaa, 8 Machi
Mjukuu kapiga simu. Nikamwimbia ushindi. Nikasikia mvua ya kwao ikigonga bati. Akasema, Babu, tumesomewa tangazo. Kwa kuwa vyuo vyote vinafanana, hakuna sababu ya mtu kuhama. Uhamisho umefutwa.

Alikuwa ameshakubali kurudia mwaka. Begi ameshalifunga.

Nikakaa kwenye kitanda nilichomtandikia. Shuka bado zanukia sabuni. Nikasinzia: nyumba ndefu ileile, vyumba vyote sawa, naye amesimama katikati, hajui changu ni kipi.

Nikaamka na dawa! Kosa langu ni kufananisha mno. Jumatatu kamati inapitia tena. Ukurasa mmoja tu, nitofautishe kidogo...

Bi Mhuri, ukifika hapa, na utafika, kumbuka nani alinyamaza siku ulipogonga mhuri kichwa chini kwenye vyeti arobaini. Shukrani sitaki. Ule ufunguo tu, mama. Uache chini ya birika.