Malalamiko Dhidi ya Wakili Dahabo kwa Kuanza Kufanya Kazi

Garsen,
Septemba 1998

Kwa Bwana Lugogo,
Wakili Mkuu,
Lugogo na Wenzake, Mombasa.

Bwana Lugogo,

Nakuandikia kujibu simu yako ya juma lililopita. Uliniomba nitoe gazetini habari njema, kwamba Wakili Dahabo Godana wa ofisi yenu ya hapa Garsen amepandishwa cheo na anahamishiwa Mombasa, akaongoze Kamati ya Kushirikisha Jamii Zote katika kampuni yenu. Ulitaka itoke kabla ya mwisho wa mwezi. Mimi nimeandika habari za wilaya hii tangu siku ambazo tulikuwa tukizituma kwa mkono wa dereva wa basi, na nimezoea kuuliza kwanza. Nimeuliza. Niliyoyasikia yamenisikitisha, ndiyo maana nakuandikia wewe kabla ya kuwaandikia wasomaji.

Silalamiki juu yenu. Ninyi mlifanya lote lililowezekana. Namlalamikia Wakili Dahabo, ambaye mlimwajiri ili aonekane, naye sasa ameanza kufanya kazi. Naomba nitumie namba, kwa kuwa mawakili hupenda mambo yaliyopangwa.

1. Kiti. Mlipofungua ofisi hapa baada ya mafuriko, mlimpa Wakili Dahabo kiti kizuri kuliko vyote, kando ya mlango wa mbele, mahali ambapo kila anayeshuka kwenye basi la Lamu humwona yeye kabla ya kuona kibao chenu. Nilikuwepo siku hiyo. Ulisema katika hotuba kwamba kampuni imefungua milango kwa Muorma, Mpokomo, Msomali, Mgiriama na Mbajuni. Hotuba ilipokwisha, mawakili wakaingia chumba cha ndani kufanya mkutano wa kwanza wa kushirikisha jamii zote, na mlango wa chumba hicho ukafungwa. Dahabo akabaki nje kupokea wageni. Baadaye akapeleka chai. Aliingia na sinia wakati wakili mmoja akiuliza, "Sasa hawa watu wa huku tutawapataje?" Akaweka vikombe, akatoka. Mtu mwenye shukrani angeridhika na hapo.

2. Kalenda. Mlimpiga picha ya kalenda ya mwaka huu akiwa ameshika kibuyu cha maziwa. Wakili Dahabo alizaliwa nyuma ya soko la Garsen, baba yake alikuwa mwalimu, na hajawahi kukama hata mbuzi. Mpiga picha ndiye aliyesema anahitaji kitu "cha kwao", na kibuyu kikaazimwa kwa Mama Bishara wa Minjila. Kalenda ilitoka nzuri. Imetundikwa madukani kutoka hapa hadi Madogo, na chini yake mmeandika "Sheria ni ya Wote". Nilipomuuliza Dahabo anaionaje, alisema, "Ni nzuri, dada Tamar. Siku wakinishikisha kesi badala ya kibuyu itakuwa nzuri zaidi." Mtu anapewa mwaka mzima ukutani, bado anaomba kesi.

3. Mzee Hirbo na njia yake. Hapa lazima nieleze kesi yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyovuruga mpango wenu.

Mzee Hirbo ni mfugaji wa Kiorma. Ng'ombe wake hunywa mtoni kwa kupitia malka, yaani njia inayoachwa wazi kati ya mashamba ya Wapokomo ili mifugo ifike kwenye maji. Malka haina hati wala ua. Wazee wa pande mbili walipatana zamani ipite wapi, na kila mtu aliijua kwa kichaka hiki na ukingo ule. Mafuriko ya El Nino yaliondoka na vichaka na ukingo, yakaacha tope jeusi tupu, shamba na njia vikawa kitu kimoja. Mama Hulda Komora akafanya afanyavyo kila mkulima wa mtoni maji yakishuka: akapanda mahindi kwenye tope kabla halijakauka. Hakujua kwamba amepanda juu ya malka. Ng'ombe wa Mzee Hirbo nao wakaja kwa njia wanayoijua, wakapita katikati ya mahindi, na wakipita wakala.

Mama Hulda akaenda mahakamani, akapewa amri ya kuifunga njia hiyo hadi kesi iamuliwe. Tangu siku hiyo ng'ombe wa Mzee Hirbo wanazungushwa hadi malka nyingine iliyo mbali. Wakubwa hufika wamechoka. Ndama wengine hawafiki. Na kiangazi ndio kwanza kimeanza kukaza.

Mzee Hirbo alikuja kwenu kwa sababu ya kalenda. Dahabo alimsikiliza asubuhi nzima, kwanza habari za watu, kisha za ng'ombe, za majani, za mvua, ndipo wakafika kwenye kesi. Akaandika yote. Karatasi zikakabidhiwa kwa wakili wenu wa Mombasa, ambaye alimsikiliza mzee kwa muda wa kumaliza soda. Mahakamani akamtetea hivi: ng'ombe walipotea njia, mzee ana umri mkubwa, asamehewe. Mkalimani alipomfikishia maneno hayo, Mzee Hirbo alisimama.

"Ng'ombe wangu hawakupotea," akasema. "Njia ndiyo iliyopotea."

Wakili wenu akamwambia aketi, asijiharibie kesi.

4. Siku aliyosimama. Kikao cha pili, msafara wa mabasi na askari wake uliondoka Malindi wakili wenu akiwa bado anasubiri mayai yake hotelini. Unajua kwamba kwa ajili ya majambazi hakuna gari linaloruhusiwa kuja huku peke yake. Garsen nzima siku hiyo ilikuwa na wakili wenu mmoja tu mwenye cheti, naye alikuwa ameketi kando ya mlango. Wale wa chumba cha ndani walikuwa wamekwenda Hola kwa semina ya kushirikisha jamii zote. Dahabo akafunga ofisi, akaenda mahakamani.

Mzee Hirbo alipomwona anasogea mbele alimwambia karani, "Huyu binti nimemwona ukutani dukani, na mlangoni akiandika maneno yangu. Sikujua kwamba na mahakamani huzungumza."

Alizungumza. Aliomba kuufuta utetezi wote wa wakili mwenzake. Alisema kwamba hapa hakuna aliyepotea wala mwizi, ila kuna njia iliyofunikwa na tope, na mahakama haitaiona ikiwa imekaa ndani. Akaomba mahakama iende mtoni, na wazee wa pande zote mbili waje waonyeshe njia ilipita wapi na shamba liliishia wapi. Mama Hulda, ambaye hana wakili, akaulizwa kama ana pingamizi. "Mimi nawapinga ng'ombe," akasema. "Kwenda kuangalia sipingi. Ila waje na viatu vya tope, nisije nikaambiwa tena nilipe viatu." Watu walicheka, hakimu akakubali.

Mahakama itakwenda mtoni Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao. Wakili Dahabo, kwa mujibu wa barua yenu, anatakiwa kuripoti Mombasa Jumatatu, siku moja kabla. Sina shaka siku hizo zimekaribiana zenyewe.

5. Madhara kwa mpango. Tangu kikao hicho ofisi yenu haina utulivu. Wanawake wanaingia na mambo ya mirathi na kuyaeleza papo hapo mlangoni, kabla ya kupewa chai. Mawakili wa ndani wamelazimika kuacha mlango wao wazi, na wengine wamesikika wakimuuliza Dahabo jambo. Kibaya zaidi, mvuvi mmoja wa Ozi, Mpokomo kabisa, alikataa kuhudumiwa na Mpokomo mwenzake mliyemweka kwa ajili hiyo hasa. "Mimi namtaka yule wa ng'ombe," alisema. Mpango wenu ulikuwa wazi: kila mtu na wa kwao. Hakuna aliyetarajia Mpokomo amchague Muorma. Hili likiachwa lienee, watu wa Tana wataanza kuchagua wakili kwa kazi yake, na kampuni itakuwa imetumia nguvu zote hizi bure.

6. Pendekezo. Kwa sababu hizo naunga mkono uhamisho. Mombasa atakuwa na kiti cha ofisini chenye magurudumu, meza ndefu, na kamati inayokutana mara chache. Hakutakuwa na mteja wa kumharibu.

Hapa Garsen nafasi yake ijazwe kwa uangalifu. Napendekeza kalenda ya mwaka ujao iwe na watu wa kila mwezi, ili asiwepo mmoja wa kujiona. Mpokomo ashike kasia, Msomali asimame na ngamia, Mgiriama abebe nazi, Mbajuni ainue samaki. Wamunyoyaya, kwa kuwa ni wachache, wapewe Februari. Kama kuna mwezi utakaobaki, naomba mfikirie mamba. Ni wakazi wa zamani kuliko sisi sote, wanatajwa katika malalamiko mengi, hawajawahi kuwakilishwa na yeyote, na sijasikia kwamba mamba aliwahi kusimama mahakamani akafuta utetezi wa mkubwa wake.

Kuhusu Mzee Hirbo, asiwatie wasiwasi. Dahabo akiondoka, kesi itaahirishwa hadi wakili mwingine ajifunze malka ni nini. Amri itaendelea kuifunga njia. Mvua ikinyesha mzee hatauhitaji mto, na kama haitanyesha, ng'ombe watakwisha, asihitaji njia. Kwa vyovyote vile kampuni itakuwa imeimaliza kesi bila kulowesha kiatu. Nimeripoti kesi nyingi na sijaona utetezi wenye subira namna hii.

Kwa hiyo naomba uhamisho usicheleweshwe hata kwa siku mbili, maana siku mbili zinatosha kabisa kwenda mtoni na kurudi.

Wasalimie mawakili wote, wa chumba cha ndani na wa nje. Msalimie mpiga picha. Msalimie na aliyeachwa na msafara, umwambie mabasi bado yanaondoka saa ile ile. Mama Bishara wa Minjila hana salamu kwa mtu yeyote huko, anakisalimu kibuyu chake tu, ambacho hajarudishiwa hadi leo.

Ni mimi, ninayesubiri jibu lako,

Tamar Dado,
Mwandishi wa habari, Garsen.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta stempu Mama Hulda alipoingia. Ni mama yangu mdogo, na mahindi yale yaliyoliwa mengine yangepikwa kwangu. Nilimsomea barua hii. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nina homa. Kisha akaniambia niandike maneno yake, nami nayaweka kama alivyoyasema:

"Mwambie huyo bwana amwache binti hapa. Mimi ndiye niliyemshtaki mzee, na mimi ndiye ninayemtaka huyo wakili wake Jumanne. Afadhali anishinde mtu aliyekuja kuona shamba langu linaishia wapi, kuliko nimshinde mtu asiyejua mto uko upande gani. Kama nimepanda njiani, nionyeshwe, ning'oe. Kama sikupanda njiani, waonyeshwe wao. Hiyo amri yenyewe nimeichoka. Tangu niipate nashinda juani nikiwafukuza ng'ombe wenye kiu, na ng'ombe mwenye kiu hajui kusoma amri."

Baada ya hapo sikuona namna ya kuitetea namba hata moja kati ya zile sita. Nimeziacha kwa sababu nilikwisha kuzipiga chapa, lakini uzihesabu kuwa zimefutwa.

Habari uliyoniomba itatoka, ila si kabla ya mwisho wa mwezi. Itatoka Jumatano, baada ya safari ya mtoni, na nitaeleza nani alifika, nani hakufika, na aliyekosekana alikuwa ameitwa wapi na nani.

Kamati yenu haitapungukiwa. Nimesoma shughuli zake: ni kuketi mezani na kuonekana. Nimeambatanisha kalenda. Iwekeni kwenye kile kiti chenye magurudumu, uso uelekee mlangoni.