Lalamiko la Kusikilizwa na Mamlaka ya Maji

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Mamlaka ya Maji ya Mkoa.

Mheshimiwa,

Kabla hujauliza huyu ni nani, jiulize kwanza maji yako yaliijuaje njia. Mwaka ule mkichimba mtaro wa bomba kuu, wahandisi wenu wawili walisimama kwenye mteremko wakibishana, ramani wameishika juu chini. Nikapita na baiskeli yangu, nikanyoosha kidole, nikasema, "Pale." Wakachimba pale. Sikudai hata ahsante. Shule niliiacha darasa la sita, baada ya kuona walimu wameishiwa.

Nayasema hayo ujue hukuandikiwa na mpita njia. Lalamiko langu ni zito: mlinisikiliza.

1. Mlituita ukumbini kutoa maoni juu ya bei mpya. Mhasibu wenu, binti mwenye adabu zake, akatuonyesha kwa michoro ukutani: umeme wa pampu, mabomba yaliyooza, mkopo wa mitambo. Yote hayo mtumiaji ayabebe, ndipo maji yatoke kila siku. Kisha akasema, "Mzee wangu pale nyuma, hebu tusaidie." Kipaza sauti kikaja mkononi. Mheshimiwa, mwanamume apewe kipaza sauti mbele ya watu mia mbili, aseme hana maoni? Nikasema, "Pandisheni! Hata mara mbili! Mtaa wetu haushindwi na maji!" Wakapiga makofi, nikakaa. Hayo yalikuwa maneno ya ukumbini. Mtu akitamba harusini kwamba atawajengea maharusi nyumba, kesho yake anafuatwa na fundi na kamba ya kupimia?

2. Mkapandisha. Tena mkachapa kikaratasi, mkakipenyeza chini ya kila mlango: "Mzee mmoja alisema, pandisheni, hata mara mbili." Jina mmelificha, lakini kofia yangu mmeipiga picha! Fundi cherehani wa mkabala, aliyekuwa akiniita Mjomba, sasa ananiita Bei Mpya. "Shikamoo, Bei Mpya! Leo umeamkia mara mbili au mara tatu?"

3. Hili ndilo linalonikosesha raha. Ninaishi chumba cha uani kwa dada yangu mdogo. Yeye ni dobi; maji ndiyo jembe lake. Bili ya mwezi uliopita aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Imefika mara nne ya ile ya zamani. Mimi nilisema mbili! Hata kumnukuu mtu hamjui. Dada akaniambia kwa sauti ya chini, ile mbaya, "Kaka, umepandisha bei, sasa kapandishe na ndoo. Ikija nyingine kama hii nafunga kazi, na chumba chako nampangisha mwenye kulipa." Tangu hapo hatusemeshani. Chakula ananiwekea mlangoni, anagonga, anaondoka, kama namuugulia ugonjwa wa kuambukiza.

4. Nauliza: kwa nini mlianza kusikia kwangu? Miaka kumi na moja tumepiga kelele kwamba bomba la kona ya shule linavuja. Bata wametagia pale, wakaangua, vifaranga wakakua nao wakaangua. Kimya. Tukasema maji yana rangi ya chai, mkatujibu tuyaache yatulie. Sikio lenu lilikuwa limekufa, sisi tumeshalizika na matanga yamekwisha. Siku mtu anaropoka, ndipo linafufuka!

5. Binti mhasibu alikiri kwamba katika kila lita mia, arobaini zinapotelea njiani, na bei imezihesabu hizo pia. Mimi nimeuza mkaa. Gunia likitoboka njiani, hasara yangu. Nyinyi mnamuuzia mteja mkaa, mnamuuzia na tobo.

6. Kwa hiyo naomba: bei irudi ilikokuwa. Kitoke kikaratasi kingine kusema yule mzee alikuwa wa mtaa wa mbali, ikiwezekana mwenye upara. Na nipewe cheti chenye mhuri kwamba sitasikilizwa tena na ofisi yoyote, iwe ya maji, ya umeme au ya barabara. Mkikataa, mkutano ujao nakaa kiti cha mbele, nakishika kipaza sauti na kusema, "Pandisheni mara kumi!" Tutaona neno hilo mtalipeleka wapi.

Nisalimie binti mhasibu, uwasalimie na wote wanaokunywa chai ofisini saa za kazi. Salamu za pekee kwa mlinzi wa getini; kwenu kote ni yeye tu aliyewahi kunipa kiti.

Ni mimi mwathirika wa usikivu wenu,
Mjomba wa Chumba cha Uani

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua. Msoma mita alipita asubuhi, dada akamkaba. Kumbe bei imepanda robo tu; ile mara mbili yangu hakuna aliyeitia maanani. Wakalifuata bomba mpaka nyuma ya chumba changu. Koki ya pale huwa naiacha wazi nikilala, ndoo chini yake, kama enzi za mgao, ili maji yakija yaniamshe. Siku hizi maji hayakatiki, yanamwagika usiku kucha, na mimi siamki. Naomba barua hii isisomwe. Wino ukiwa umechuruzika, mniwie radhi, mikono imelowa: nimeshafua mashuka tisa, na dada anasema bado kumi na matatu.