Kamati ya Kutafuta Maana ya RUN

Raia wote wa Bukavu wanatangaziwa kwa fahari kubwa kwamba neno RUN sasa liko mikononi mwa serikali. Lisiguswe.

Neno lenyewe limeandikwa kwenye kifungo cha kijani cha pampu tuliyopewa na wafadhili ili ipandishe maji hadi mtaa wa Kadutu, mlimani. Mtu wa kawaida angebonyeza tu. Sisi tulifungua kamusi ya Kiingereza, tukashtuka. RUN ni kukimbia. Ni kuendesha, kutiririka, kugombea uchaguzi. Soksi ikitatuka, RUN. Makamasi yakitoka, RUN tena. Mkurugenzi wetu wa maji, Floribert, mtu wa busara ambaye mimi ni katibu wake, aliunda kamati ndogo kwa kila maana. Ya makamasi alipewa mzee wetu wa masijala, Papa Léopold, kwa sababu ya uzoefu. Ya uchaguzi iligawanyika asubuhi ile ile, kila upande na rais wake.

Maman Adélaïde, muuza maharage wa Kadutu, alikuja ofisini kutuharakisha.

"Papa Directeur, mukamwana wangu, bibi ya kijana wangu, amezala mutoto. Maji iko kule chini kwa source, kwa chemchemi, na miye magoti imechoka. Tunaomba tu mutu mumoja afinye ile kifungo."

"Na ikikimbia, maman?"

"Ikimbie wapi? Si mulishaifunga chini na simiti?"

Mkurugenzi alitabasamu kwa huruma. Watu ambao hawakusoma hawaogopi maneno.

Jumamosi ikawa siku ya kupokea mahari ya binti yake, Ornella. Wakwe walikuwa njiani kutoka Minova na ng'ombe wao, na mabomba ya Ibanda, mtaa wake, yakachagua siku hiyo kukauka. Sufuria tupu, vyoo usiniulize. Mkurugenzi aliteremka mwenyewe kwenye chemchemi, amevaa suti, mimi nyuma na mwamvuli. Tulikuta bidoni, madumu ya maji, zimejipanga mstari mrefu, na akina mama wamekaa pembeni wanapiga soga. Akaenda kusimama mbele kabisa.

"Papa, hapa bidoni ndiyo inapanga mustari," alisema Maman Adélaïde. "Mutu anakaa pembeni."

"Mimi ni Mkurugenzi!"

"Tunajua, papa. Bidoni yako iko wapi?"

Hakuwa nayo. Kiongozi habebi bidoni, hubeba cheo. Cheo kikapelekwa nyuma ya bidoni ya mwisho, ile ya njano isiyo na kifuniko.

"Lakini ninyi wote mnatafuta nini hapa?" alifoka.

"Maji ingekuwa inafika kwetu, hapa ungekuta mutu?" alijibu Maman Adélaïde.

Simu yake ikalia. Alikuwa mkewe: wakwe wameshapita Kavumu. Jasho likamtoka Mkurugenzi, nami nilimwonea huruma kweli.

"Nenda ukabonyeze!" aliniambia.

"Kwa maana gani, Excellence?"

"Yoyote!"

Nilipanda mbio hadi kwenye pampu, nikabonyeza. Pampu ilikohoa kidogo, ikanguruma, na baada ya muda nikasikia vigelegele kutoka nyumba za juu, Kadutu. Nilifurahi, ingawa kamati ya soksi ilikuwa bado haijatoa ripoti.

Niliporudi chemchemi, akina mama walikuwa wameshachukua bidoni zao na kwenda kuchota nyumbani. Mkurugenzi alikuwa wa kwanza kwenye mstari, peke yake, maji yakimwagika mbele ya viatu vyake, na hana hata kikombe cha kuchotea.